Fundi wa Ngozi za Ndege

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake wa gereji, nanyi wa klabu ya ndege mliofika na fulana zenu za bluu, familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza binti yetu, na inaomba mtege masikio, kwa sababu historia mtakayosomewa hapa siyo ile iliyoletwa jana na mkwe wetu ikiwa imechapwa vizuri na kubanwa pini. Ile ilikuwa na sentensi moja tu kuhusu kazi ya marehemu, kwamba katika uhai wake alipenda kumsaidia mume wake kupaka rangi, na mama yake mzazi alipoisoma aliikunja, akaiweka chini ya sufuria ya moto ili isiunguze meza, akaketi kuandika nyingine. Nyingine yenyewe ndiyo hii, na mjomba wake ndiye amepewa kuisoma, kwa kuwa sauti yake inafika mpaka nyuma, na wapo walioketi nyuma makusudi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1985, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa mwisho na wa kike peke yake, wa baba aliyekuwa fundi wa mabati na mama aliyekuwa akishona sare za shule, na tangu anatambaa alikuwa mtoto wa kuchunguza, ukimpa kikombe anakigeuza kwanza aone mkono wake umeunganishwaje, ndipo anywe. Baba yake, ambaye alitangulia mbele ya haki mwaka 2006, alimwita Ribiti, kama kile kipini cha kuunganishia mabati, akisema ni mdogo, mgumu, na pale alipokaa hang'oki, na jina hilo likamganda hata shuleni, hata kazini, hata wodini, mpaka wauguzi wakawa wanamwita hivyo na kusahau lililoandikwa kwenye cheti.

Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na nyumbani kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, kisha akaendelea na sekondari ya kutwa mwaka 1999, akamaliza 2002, akifaulu vizuri kuchora na hesabu, ingawa kila ripoti ya mwisho wa muhula ilisema kwamba ana bidii ila anajibu, na mama yake hakuwahi kumwadhibu kwa hilo, kwa sababu kila alipouliza alijibu nini, aliona kwamba jibu lilikuwa sahihi.

Mwezi Januari 2004 aliingia kazini katika gereji ya kunyoosha bodi na kupiga rangi iliyo nyuma ya stendi, mwanamke pekee katika yadi nzima, akaanzia kwenye kusugua puti ya kuzibia mabonyeo kwa msasa wa maji mpaka alama za vidole zikafutika, na baadaye akakabidhiwa bomba la rangi, ambalo hakulitua tena mpaka mwili ulipomshinda. Msimamizi wake, ambaye tuko naye hapa, alizoea kusema kwamba gari likitoka mikononi mwa Ribiti hata aliyeligonga hawezi kulitambua, na wenye magari walikuwa wakifika getini wanauliza yule dada yupo, na wakiambiwa hayupo wanageuza.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na muuzaji wa vipuri wa duka lililotazamana na gereji, kijana mtanashati, mcheshi, mwanachama wa klabu ya kurusha ndege za mfano, anayejulikana kwenu kwa jina la Kepteni, ingawa ndege ya kupanda watu ameiona kwa chini kama sisi sote. Tuseme haki, mkono wake kwenye rimoti ulikuwa mzuri, angeweza kuizungusha ndege juu ya miti na kuitua pale alipotaka, na hilo hatumnyang'anyi. Katika ndoa hiyo walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 2012, ambaye sasa anaishi na bibi yake, na ataendelea kuishi na bibi yake.

Kwa msiozijua ndege hizo, si vitu vya kuchezea watoto, ni ndege za kivita za zamani zilizotengenezwa upya kwa mbao nyepesi na kitambaa cha gundi, mabawa yake yanapita urefu wa kitanda cha watu wawili, zina injini ya petroli inayonguruma, na katika shindano majaji huzikagua kwanza zikiwa chini, wakipita na tochi kutazama kama zinafanana na ndege ya kweli, kabla ya kuzitazama angani. Kepteni aliunda yake ya kwanza mwaka 2010, akaipiga rangi ya kijani inayometa kama sufuria mpya, majaji wakaipita kama mtu anavyompita mdai wake, na jioni aliporudi nyumbani amenuna, mke wake aliizunguka ile ndege, akaigusa, akamwambia, "Baba, hii haijawahi kwenda vitani, hii imetoka dukani."

Hapo ndipo kazi yake ya pili ilipoanza, ile ambayo mkwe wetu ameiita kusaidia. Alibandika utepe mwembamba pale vipande vya bati vingekutana, akapuliza praima, ile rangi ya kwanza ya chini, juu yake, akaubandua utepe, ikabaki kingo ambayo jicho haliioni vizuri lakini kidole kinaisikia, akajaza gundi nyeupe katika bomba la sindano, akatonesha ribiti moja moja juu ya mstari wa penseli, mgongoni, tumboni, kwenye mabawa, maelfu kwa maelfu, kwa nafasi sawa kama mshono wa mama yake, na mama yake alipoona alivitazama vidole vyake mwenyewe, kwa sababu alijua mkono ule umetoka wapi. Alipuliza rangi ya fedha kwanza, akailowesha maji na kuinyunyizia chumvi ya mawe, akapuliza kijani juu yake, na ilipokauka aliikwangua ile chumvi, fedha ikachungulia kama rangi iliyobanduka kwa jua na mvua, mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi akakuta imekwisha, akasema, "Sisi tunaomba ya mboga, mwenzetu anailisha ndege!" Alisaga makaa, akayapaka kwa brashi nyuma ya mabomba ya moshi, akapitisha rangi nyeusi ya majimaji kwenye viungo na kuifuta kwa kitambaa, na akawa anacheka kwamba gereji wanamtaka afanye chakavu kuwa jipya, nyumbani anafanya jipya kuwa chakavu, na zote mbili ni kazi moja, ni kulijua bati. Wote waliomuuliza anafanya nini aliwajibu kwamba anaivalisha ndege ngozi.

Ndege nne zilipita katika mikono hiyo kati ya mwaka 2011 na 2019, zote nne zilishinda, zote nne zikatundikwa katika ukumbi wa klabu, na chini ya kila moja palibandikwa kibao kinachosema imetengenezwa na Kepteni. Siku ya kutundikwa ile ya tatu mwenyekiti alimuuliza mkwe wetu hadharani alijifunzia wapi ufundi huo wa ribiti, naye akajibu, "Ni kipaji tu, mzee," huku mke wake amesimama kando ameshika mkoba wake na koti lake. Mama yake alipomuuliza kwa nini amenyamaza, yeye asiyejua kunyamaza, alisema anamngoja mwenyewe aseme, kwa sababu sifa ya kuiomba haina ladha, na akangoja miaka minane.

Mwezi Februari 2021 aligundulika ana maradhi ya figo, akaanza kuhudhuria hospitali kusafishwa damu, akaacha gereji, na mwezi Novemba mwaka huohuo mume wake alihama nyumbani akahamia kwa mwanamke mwingine, ambaye hatutamtaja, si kwa heshima, bali kwa sababu historia hii si yake. Marehemu na mtoto walihamia kwa mama yake, na mwezi wa nne mwaka huu, mkwe wetu ambaye hakuwa amefika hata na chungwa, alifika na ndege ya tano ikiwa imetiwa praima ya kijivu tu, akaomba ivalishwe, kwa sababu shindano kubwa ni la mwezi Juni, na mshindi ndege yake itawekwa kwenye jumba la maonyesho la mji. Mama yake alitaka kumfukuza na ndege yake, lakini marehemu alisema, "Mwache, Mama, aiweke hapo."

Aliifanya sebuleni, juu ya stuli mbili, siku anazopata nguvu, akiwa amefungwa bendeji mkononi, na upande wa kulia wa ndege ile, ambao wa klabu mliuona wenyewe, ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya katika maisha yake. Ulipokamilika aliosha brashi zake, akazifunga kwenye kitambaa, akasema amemaliza. Mama yake akamwambia, "Ribiti, upande wa pili mbona mtupu?" naye akasema, "Huo ni wake."

Wiki moja kabla ya shindano Kepteni alikuja na pikapu, akaoneshwa upande wa kulia, akapiga picha, akasema kazi imeiva, na marehemu akaifunika ndege nzima kwa mashuka, akaifunga kamba, akamwonya asifungue mpaka afike, rangi bado changa, vumbi litaganda, naye akatii, maana katika mambo ya rangi alizoea kutii. Jioni simu ikalia, mama yake akichambua mchele hapohapo, na sauti ikasikika chumba kizima, "Wewe, mbona umenifanyia nusu?" Marehemu akamjibu taratibu, "Malizia." Akasema, "Nitamaliziaje mimi?" Akamjibu, "Kama ulivyofanya zile nyingine, Kepteni," akakata simu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mama yake kumsikia akiomba chakula.

Siku ya shindano, tarehe 10 Juni, marehemu alikuwa amelazwa, na mama yake akaenda uwanjani badala yake, akasimama nyuma ya kamba na miguu yake inayovimba, akamwona jaji mkuu akiizunguka ile ndege. Upande wa kulia alikaa sana, akapiga tochi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapita upande wa kushoto, ambako Kepteni alikuwa amenakili ule wa kulia jinsi ulivyo, doa kwa doa, mkwaruzo kwa mkwaruzo, kwa mkono mzito, ribiti nyingine zikiwa zimevimba kama ndui, na jaji akainama kwenye shina la bawa, akainuka, akauliza kwa sauti, "Kepteni, rubani wako aliingilia wapi?"

Mkwe wetu akajibu, "Mlangoni."

Wa klabu mlikuwepo, mnajua kicheko kilichofuata, na kwa wengine tueleze kwamba ndege ile haina mlango, rubani hupanda bawa la kushoto, kila siku, na buti zake hula rangi pale kwenye shina mpaka bati linabaki jeupe, wakati upande wa kulia, ambako hakuna anayepanda, rangi hubaki nzima. Jaji akasema ndege nne zilizo ukumbini zote zina alama za buti mahali pake, na aliyezifanya zile hawezi kusahau jambo hilo, basi zile zilifanywa na nani? Kepteni alitazama viatu vyake, na mama wa marehemu akasema kutoka nyuma ya kamba, bila kupaza sauti, "Binti yangu. Yuko wodini."

Aliporudi hospitali akamhadithia yote, marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mashine, kisha akasema, "Mama, miaka yote aliniona nikisugua rangi pale pa buti, hakuwahi kuniuliza kwa nini. Nilijua atanakili." Jumamosi iliyofuata klabu ilivibandua vile vibao vinne, na mwenyekiti akavileta vipya wodini ili marehemu avione kabla havijabandikwa, akaviona, akarudisha kimoja kwa sababu kilipinda. Tangu siku hiyo mkwe wetu haitwi Kepteni uwanjani, anaitwa Mlangoni, na tunasikia hata watoto wa jirani zake wameshalijua jina hilo.

Hali ya marehemu ilibadilika mwanzoni mwa mwezi huu, na tarehe 17 Septemba 2023, asubuhi, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama yake, ambaye hakulia siku hiyo kwa sababu kulikuwa na mambo ya kushughulikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao hawakuchoka hata pale sisi tulipochoka, inawashukuru majirani waliompeleka mtoto shule na kuleta maji bila kuombwa, inamshukuru msimamizi na mafundi wa gereji waliolibeba jeneza lake leo na kulipiga rangi wenyewe, inamshukuru jaji mkuu kwa kuwa na macho, na wana klabu kwa kusahihisha, ingawa mlichelewa. Mkwe wetu ameleta ombi kwamba aruhusiwe kuirusha ile ndege ya tano juu ya kaburi kama heshima yake ya mwisho, na familia imekaa, imelijadili kwa muda mfupi sana, na jibu lake ni hapana. Airushe kwake, na kila itakapogeuka angani watu wataona pande zote mbili.

Lala sasa, binti yetu, upumzike kwa amani yako, umeifanyia kazi. Sisi ya kwetu hatujaipata, na wala hatuna haraka nayo.