Kwaheri Fundi Mama, Uliyetufungia Mabampa na Kutufungulia

Tarehe thelathini ya mwezi huu Fundi Mama anatimiza miaka thelathini na miwili katika karakana ya idara yetu ya chanjo ya mifugo, na jioni yake atavua ovaroli asiivae tena. Tumeagizwa tuandike maneno ya kuchangamsha. Tutajitahidi. Mwenyewe alipoulizwa anajisikiaje kustaafu, alijibu, "Nimechoka, jamani," akarudi chini ya gari.

Jina lake lina historia fupi. Fundi mkuu wa kabla yake alikuwa mzee tuliyemwita Fundi Baba. Alipoondoka na mama huyu akakabidhiwa karakana, hakuna aliyejisumbua kutafuta jina jipya. Wageni walifika getini wakimuulizia fundi mkuu, wakaonyeshwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, wakadhani wanataniwa. Baada ya robo saa walikuwa wanamshikia tochi.

Anayeandika haya ni mtunza stoo ya vipuri. Kati ya stoo yangu na karakana kuna dirisha lisilo na kioo, na kupitia dirisha hilo nimesikia karibu kila kitu alichosema kazini, pamoja na mambo yasiyofaa kuchapwa hapa. Alianza kwa kuosha injini. Akaingia kwenye breki, akaingia kwenye gia, akawa mtu anayesikiliza gari likiingia getini na kukuambia ugonjwa wake kabla halijazimwa. Alikosea pia. Kuna gari alilolifungua injini nzima kutafuta mlio, kumbe ni kijiko cha dereva kilichoangukia nyuma ya dashibodi. Kijiko hicho tulikitundika ukutani, na hakuchukia.

Lakini ukiuliza dereva yeyote wa idara hii Fundi Mama alifanya nini, atakujibu neno moja: mabampa.

Magari yetu hubeba masanduku ya barafu yenye chanjo kuyapeleka kwa wafugaji, kwenye njia ambazo kuziita barabara ni heshima tu. Kuna visiki, mawe, mito ya mchanga. Bampa linalotoka na gari kiwandani ni plastiki na bati, na huko porini hurudi limening'inia kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa jino. Kwa hiyo madereva walidai bampa la chuma, lile zito la kutengenezwa na mafundi wa kuchomelea, lenye nafasi ya winchi na kulabu za kuvutia gari likikwama. Walilidai asubuhi, walilidai mchana, walilidai msibani. Na kusema kweli, dereva mwenye bampa la chuma alikuwa anatembea tofauti.

Wa kwanza kulipata alikuwa mdogo wa mume wake, dereva wetu mwenye vituko kuliko wote. Alimfuata hadi jikoni kwake. "Shemeji, nifungie chuma. Unataka nirudi na gari lisilo na mdomo kila safari?"

"Na wewe unataka nisilale?"

"Utalala ukijua niko nyuma ya chuma, shemeji."

Akamfungia. Fundi wa mtaani alilichomelea vizuri, likang'ang'ania chasisi kama kupe. Vile vidude vinavyohisi mgongano na kufumua mfuko wa hewa kwenye usukani vilisogezwa pembeni kupata nafasi, maana wakati ule hakuna kati yetu aliyejua maana yake. Bampa likapakwa rangi nyeusi. Tulipiga nalo picha, watu wazima sisi, tumepanga mstari.

Mwaka ule ule, kwenye vumbi la lori lililokuwa mbele yake, shemeji aligonga ukingo wa kalvati. Tulilivuta gari hadi karakana, na bampa lilikuwa zima. Rangi tu ilikwaruzika. Nguvu yote ya kishindo haikupata pa kufia, ikapita kwenye chuma, ikapita kwenye chasisi, ikamfikia mtu. Mfuko wa hewa haukufumuka. Mkanda ulimshika asitoke kiooni, lakini kifua kilivunjika na nyonga moja ikahama.

Fundi Mama alikwenda hospitali na ovaroli yake. Shemeji alifumbua jicho akauliza, "Bampa limepona?"

"Limepona."

"Basi mpe pole gari, shemeji." Akataka kucheka, kifua kikamkataza.

Alipona, lakini hakuendesha tena. Leo ndiye mlinzi wetu wa getini, na fimbo yake mnaijua. Nyumbani hakuna aliyemtamkia Fundi Mama neno la lawama, na hilo ndilo lililomchosha. Mama mkwe wake aliendelea kumkaribisha, akimwekea kiti, akimwuliza habari za watoto, ila aliacha kumwita "mwanangu". Fundi Mama alikuja kazini kama kawaida. Kupitia lile dirisha nilimsikia akikaza nati ileile, anailegeza, anaikaza tena.

Halafu akayafungua mabampa yote ya chuma, gari moja baada ya jingine, akarudisha ya kiwandani. Madereva walimnunia. Mmoja alimwambia usoni, "Fundi Mama, unatutuma vitani na ngao ya karatasi." Hakubishana. Alisema tu, "Karatasi hukunjika. Mimi nataka kikunjike kitu kingine kabla yako."

Ningependa kuandika kwamba hapo ndipo mambo yalipotulia. Mvua zilizofuata, gari letu lilizama kwenye mchanga wa mto likiwa na shehena ya chanjo. Bampa la kiwandani halina pa kufunga winchi, na dereva kwa kukata tamaa alipitisha kamba nyuma ya plastiki. Ng'ombe wa wafugaji walipovuta, bampa likatoka, gari likabaki. Maji yakapanda. Watu waliokolewa, barafu ikayeyuka, chanjo ikaharibika. Ugonjwa uliingia kwenye mazizi ambayo tulikuwa njiani kuyafikia, na familia zilizotutegemea zikazika mifugo yao mwaka mzima. Mfugaji mmoja mwenye umri mkubwa alisafiri hadi karakanani kutuuliza kwa nini hatukuja. Fundi Mama alimpa kiti, akamweleza habari ya bampa tangu mwanzo mpaka mwisho bila kujitetea. Mzee yule alisikiliza, akasema, "Kwa hiyo mlikuwa mnakuja." Akaondoka.

Baada ya hapo Fundi Mama aliomba kikao. Mkuu wa usafiri, aliyetaka magari yote yafanane, alikuja. Madereva wote walikuja. Na shemeji aliletewa kiti kutoka getini, akawekwa mbele, jambo ambalo wengine tuliliona ni ukatili mpaka alipoanza kusema.

"Mnaniuliza chuma au plastiki," alisema. "Mimi nawauliza mnakwenda wapi. Ukishinda kwenye lami, acha lilelile la kiwandani, lilitengenezwa livunjike ili wewe usivunjike. Ukiingia porini bila chuma utalala mtoni. Lakini chuma nacho kina wenyewe. Usinichukulie la kuchomelewa chini ya mti kama langu."

Mkuu wa usafiri akauliza sasa tufanyeje, na aliuliza kwa moyo mweupe. Fundi Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu aliyebeba mzigo umbali mrefu. Magari ya mjini yabaki na bampa la kiwandani. Magari ya porini yafungwe bampa la chuma lililotengenezwa kwa aina hiyo ya gari na kujaribiwa pamoja na mfuko wake wa hewa, lenye vishikio vinavyokubali kukunjika. Springi za mbele zibadilishwe, kwa sababu uzito ule huinamisha gari na kulichelewesha kusimama ukikanyaga breki. "Na mwendo upungue," akamalizia. "Hilo bampa sijui kulifunga. Mnalo wenyewe mguuni."

Mkuu aliyapigania mabampa hayo huko juu, na yalichukua muda kuja. Tangu yafungwe, magari mawili yamegonga vibaya porini. Madereva wote wawili watakuwepo kwenye sherehe, na mmoja ameahidi kucheza, ingawa tumemsihi asicheze. Chanjo zinafika, si zote, lakini zinafika. Na mama mkwe, kabla hajafariki, alirudia kumwita Fundi Mama "mwanangu". Siku hiyo Fundi Mama alikuja kazini amechelewa, akaniambia kupitia dirishani, akapangusa miwani, akaomba boksi la bolti.

Wiki iliyopita yaliingia magari mapya, yanang'aa, na kabla injini hazijapoa madereva walimzunguka wakiuliza bampa gani. Alizunguka gari la mbele taratibu, akaangalia chini, akasimama akishika kiuno. Tulingoja. Akawageukia mafundi wenzake, akawaambia, "Haya, semeni nyinyi." Akaenda kukaa.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Walianza kwa kuuliza kila gari litakwenda wapi.

Fundi Mama, ahsante kwa mikono yako, na kwa uchovu uliouchukua kwa niaba yetu. Tunakuombea magoti yasiyouma, asubuhi zisizo na honi, na nyumba yenye watu wa kukuletea chai ukiwa umekaa. Ukae salama, mama yetu.