Thadeus Owino, Aliyesemwa Kuwa Alinikimbia

Bwana mchungaji, wazee wetu, akina mama, wafanyakazi wa reli, nanyi mliotoka Mbololo, Mwatate na Taveta kuja kutushika mkono, mimi ni Crispus Mwakio, shemeji wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu kaka yake, Bwana Donald, amefika jana tu kwa gari moshi kutoka Nyanza, na maisha ya ndugu yake ya hapa Voi hayajui vizuri. Sauti yangu imechoka, nawaomba mnivumilie.

Marehemu Thadeus Owino alizaliwa tarehe 9 Machi 1924 huko Ugenya, mtoto wa tatu wa Mzee Ochola na Mama Ajiambo, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha mwaka wa 1942 akaingia Keya, akapelekwa Burma, na huko jeshini ndiko alikofundishwa ndondi, maana mwili alikuwa nao na mkono wa kulia Mungu alimpa.

Mwaka wa 1946 aliajiriwa na reli hapa Voi, katika genge la kutengeneza njia ya Taveta, na wengi wenu mlimwona kule Salaita na Maktau akibeba na mwenzake mmoja chuma cha kubebwa na wanne. Jumamosi alipigana uzito wa juu kwenye uwanja wa reli, na mpaka mwaka wa 1951 hakuna aliyekuwa amemwangusha, ila maneno hayakukosekana, wengine wakasema anachagua wapinzani, kwamba yule askari aliyepigwa naye alikuwa na goti bovu, na yule mpishi wa Mwatate alikuwa mzee, na kwamba rekodi si rekodi mpaka akutane na Crispus wa shamba la katani. Crispus huyo ni mimi.

Pambano letu lilipangwa tarehe 26 Desemba 1951. Kabla ya siku hiyo kufika, tarehe 25 Agosti, marehemu alimwoa dada yangu Penina Mbeyu katika kanisa la Mbololo, na pambano halikufanyika, na tangu hapo nimesikia kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, sokoni, na hata jana hapa matangani, ya kwamba Thadeus alioa ili asikutane nami ulingoni. Mjane amekaa hapa mbele. Miaka yote hii amesikia kwamba yeye alikuwa mlango wa kutorokea.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa Novemba mwaka ule marehemu alipanda Mbololo kwa mama yetu, Zipporah, nami nilikuwepo, akavua kofia, akamwomba ruhusa, akisema, "Mama, watu wametungoja, na mimi nataka kupigana." Mama alikuwa anapepeta mahindi, hakuinua uso, akamjibu, "Ukimpiga, mwanangu amepigwa na mkwe wangu. Akikupiga, binti yangu ana mume aliyepigwa na kaka yake. Mimi nitapika wapi siku hiyo?" Thadeus akasema, "Nimesikia, mama." Tulipokuwa tunateremka nilimwambia tutangaze kwamba mama amekataa. Akakataa kabisa, akasema, "Mama mkwe hapelekwi sokoni. Waache waseme ni mimi."

Wakasema. Akaendelea kupigana, akapigwa mwaka wa 1954 na bondia wa Mombasa, mtu mgumu kweli, ambaye yeye mwenyewe alimtafuta, lakini hilo halikumsaidia, watu wakazidi kusema kwamba hata Crispus angemwangusha. Mimi hawakuniuliza, wala sijui kama ningemwangusha.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Elijah, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1952, na Rispa, aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1955.

Mwezi wa Januari mwaka huu miguu ilianza kumvimba, daktari akasema ni figo, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na dada yangu akawa hajui tena kitanda chake mwenyewe. Hata wodini mabishano yalimfuata. Rafiki mmoja, kwa nia njema, alimwinamia akamwambia, "Owino, sasa tuambie ukweli, ulimwogopa Crispus?" Marehemu alicheka, na kucheka kulimuumiza, akasema, "Kila bondia mzima humwogopa mwenzake. Lakini nilitaka kumpata dada yake kuliko kumpiga yeye." Penina alikuwa ameshika bakuli la uji, akaliweka chini, akatoka nje, akarudi akamlisha. Alifariki Jumanne, tarehe 17 Juni 1958, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Voi, majirani wa landi waliotuletea kuni na maji, wenzake wa genge waliochimba kaburi hili kwenye mawe haya, na ukoo wa Ugenya uliokubali alale huku alikotaka mwenyewe. Mama Zipporah ameniruhusu kusema niliyoyasema, ndiyo sababu nimeyasema.

Mwenye swali lililobaki asimuulize tena Penina, aje kwangu, mimi bado nipo. Wewe, shemeji, umeshajibu vya kutosha, lala sasa, upumzike kwa amani.