Sitini na Wawili wa Korosho

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo Kikuu chetu, Mkuu wa Kitivo cha Uuguzi, walimu wetu, wazazi mliofika, na wewe mlinzi uliyetupekua mifuko mlangoni ukidhani tunaingia kwenye mtihani: tunawasalimu kwa heshima zote.

KUKUKARIBISHA

Sisi wanafunzi wa uuguzi mwaka wa nne, sitini na watatu kwa idadi, tumefurahi mno kukupokea, mgeni rasmi, siku hii unapokata utepe wa ofisi mpya ya Kamati ya Udanganyifu wa Mitihani. Mlango ni mpya, kufuli ni jipya, na rangi haijakauka vizuri, kwa hiyo tunakuomba usiegemee ukuta. Miaka yote Kamati ilikuwa ikikaa kwenye stoo ya viti vibovu, na mtuhumiwa alianza kwa kujitafutia kiti chenye miguu minne. Sasa watuhumiwa watakaa vizuri.

TULIKOTOKA

Somo la Mwili wa Binadamu tumefundishwa kwa noti za mwalimu wetu mpendwa, ambaye wanafunzi wa miaka yote humwita Mzee Fotokopi. Noti hizo zina umri wa miaka kumi na minne na hazijawahi kusumbuliwa na marekebisho. Ukurasa wa thelathini na moja unasema hivi: "Insulini, inayoshusha sukari katika damu, hutengenezwa na korosho."

Wapo wachochezi wanaodai kwamba mwalimu aliandika "kongosho" na mchapaji siku hiyo alikuwa na njaa. Sisi hatumo. Sisi tulifundishwa kwamba noti ni noti, na hata mwongozo wa kusahihishia mtihani ulitolewa humo humo.

MAFANIKIO

Muhula uliopita, swali la nne la mtihani liliuliza ni kiungo gani kinachotengeneza insulini. Wanafunzi sitini na wawili tuliandika korosho, na wote tukapewa alama kamili. Kamati haikutushuku hata kidogo kwa kufanana, maana hapa kufanana namna hiyo huitwa kuelewa somo. Mwezi ujao tunahitimu na kuingia wodini. Wagonjwa wa kisukari wakae mkao wa kula.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hakuna darasa lisilo na mkaidi. Mmoja wetu, tunayemwita Sindano kwa wepesi wa mkono wake, aliandika kongosho. Mzee Fotokopi alilizungushia neno hilo wino mwekundu na kuandika pembeni: "Halimo kwenye noti. Amelitoa wapi?" Wiki hiyo hiyo Sindano alisimamishwa masomo kwa tuhuma ya kuingia na karatasi ya siri katika chumba cha mtihani. Karatasi yenyewe haijaonekana mpaka leo, jambo linaloonyesha jinsi ilivyofichwa kwa ustadi.

Aliitwa stoo. Mwenyekiti wa Kamati alimwuliza kwa upole, "Binti, neno hili umelitoa wapi?"

"Nyumbani, mheshimiwa."

"Nyumbani kuna kitabu gani?"

"Hakuna kitabu. Kuna mama."

Akaambiwa akalete chanzo chake. Kwa kuwa ni mtiifu kupita kiasi, kesho yake alimleta. Mama yule alikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi, amepakata flaski yenye barafu na dawa yake ya sindano, hadi alipoitwa saa tisa.

"Mimi sikusoma, wanangu," aliwaambia. "Ila hiyo kongosho ninayo mwenyewe. Daktari aliniambia imechoka, huu mwaka wa kumi. Huyu ananidunga tangu yuko darasa la sita. Sasa asilijue jina lake kwa nini?"

Katibu wa Kamati aliandika yote kwa uaminifu, kisha akafunga jalada kwa maelezo haya: "Chanzo hakina mwaka wa kuchapishwa."

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Uamuzi unasubiri mjumbe mmoja aliyesafiri kwenda kwenye semina ya kuharakisha uamuzi. Orodha ya wahitimu inafungwa Ijumaa hii, na jina la Sindano halimo.

Kuna jambo jingine ambalo hatukupanga kulisema mbele ya wazazi. Kamati ilitupa kila mmoja fomu ya ushahidi yenye swali moja: je, neno kongosho limo kwenye noti? Tulijibu kwamba halimo, tukatia sahihi, wote sitini na wawili. Hatukusema uongo. Tulijua vizuri kabisa jibu letu litatumika kwa nini, tukaogopa, tukaandika. Tunaona aibu.

OMBI

Hatuombi feni wala viti. Tunaomba shauri hili liamuliwe kabla ya Ijumaa, na Kamati iwaite walionakili. Tuko sitini na wawili, tumekaa safu nne za mbele, hatuna haja ya kutafutwa. Fomu zetu za ushahidi tunaomba zihesabiwe kuwa maungamo.

Barua ya Kamati inamkataza Sindano kuingia darasani, maktabani na kwenye chumba cha mtihani. Ukumbi wa sherehe haukutajwa. Ndiyo maana tumempa yeye kazi ya kukusomea risala hii, na ndiyo maana yule mama wa safu ya mwisho, mwenye flaski mapajani, hajabandua macho hapa tangu tulipoanza.

Mgeni rasmi, Mungu akujalie umri mrefu, usingizi mwema na kongosho isiyochoka. Na ikitokea siku ikachoka, ukaletwa wodini, usikubali kuguswa na yeyote kati yetu kabla hujauliza Sindano yuko zamu gani.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Uuguzi, Mwaka wa Nne:
sitini na wawili wa korosho, na mmoja.