Mama Odeta: Maisha ya Teodora Machibya na Maradhi Yaliyomtwaa

Teodora Machibya alizaliwa tarehe 14 Juni 1968 kijijini Kayenze, mtoto wa tatu wa Mzee Machibya na Mama Tereza. Alimaliza darasa la saba hukohuko mwaka 1983, kisha akafundishwa ushonaji na masista. Aliweka cherehani yake barazani Mirongo, na watoto wengi wa mtaa ule walivaa sare zilizotoka mikononi mwake.

Mwaka 1991 alifunga ndoa na Bwana Mashimba Chenge, fundi wa kuchomelea vyuma Nyakato. Walijenga Pasiansi.

Mwaka 2011 aliota uvimbe begani, mlaini, usiouma, unaoteleza chini ya ngozi ukiuminya. Akawa anajishonea magauni yenye bega moja pana kuliko la pili. Wateja wakadhani ni mtindo mpya. Wengine wakaomba washonewe hivyo hivyo! Daktari alipompima alisema, "Mama, ni mafuta tu." Alichomwa ganzi, ukatolewa, na jioni akasonga ugali mwenyewe.

Hivyo paja lilipoanza kuvimba, Januari 2022, nyumba nzima ilisema ni mafuta yale yale. Hata hivyo walikwenda hospitali mapema. Safari hii daktari aliminya, akaminya tena. Uvimbe ulikuwa ndani ya msuli, mgumu, hausogei. Picha ikapigwa, kinyama kikakatwa kwenda kupimwa. Ilikuwa saratani. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi. Mwaka uliofuata ikaonekana mapafuni.

Mzee Mashimba alimuuliza daktari kosa lilikuwa wapi.

"Ule wa begani ndio uligeuka?"

"Hapana, mzee. Ule ulikuwa mafuta, na uliisha. Huu ulikuja peke yake."

"Tungewahi zaidi, je?"

"Mliwahi."

Alitoka nje, akashika reli ya chuma ya ngazi za hospitali. Kiungo kimoja kilikuwa kimeachia. Hicho angeweza kukitengeneza.

Mwishoni Teodora hakuweza kulala chali. Mumewe alimpangia mito, akaipangua, akaipanga tena.

"Nikufanyie nini, Mama Odeta?"

"Hakuna, Baba Odeta. Kaa tu."

Akakaa. Alikuwa amekaa hapo asubuhi ya Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, Teodora alipoaga dunia.

Ameacha mume, watoto wawili, Odeta na Masele, mjukuu mmoja, Rebeka, na dada yake Getruda.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa.