Mikanda ya Mama Dirisha

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mwalimu na mtayarishaji wa kipindi cha Shika Kamera atarudisha funguo za studio ndogo na kustaafu. Hapa kazini kila mtu anamwita Mama Dirisha. Mimi, fundi sauti niliyekuwa namvalisha kipaza sauti tangu ujana wetu, nimeombwa nimwandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila moyo mzito.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Kipindi kilifundisha vijana kutengeneza filamu kupitia televisheni ya elimu, na somo lake la kwanza halikuhitaji taa wala kamera: mketishe mwenzako karibu na dirisha, mzunguke taratibu, uone uso wake unavyobadilika. Vijana waliotazama nyumbani walifanya vivyo hivyo sebuleni, wazazi wao wakawa hawakai wakatulia.

Vifaa vilikuwa haba, lakini yeye hakuwa mtu wa kulalamika. Alitundika mashuka ya nyumbani kwake mbele ya taa ili kupunguza ukali wake, mumewe akabaki kuuliza mashuka yanakwenda wapi. Kigari cha mtoto wake mchanga kikawa cha kubebea kamera. Siku moja mwanafunzi alikuwa anakisukuma mbio barabarani, mama mmoja mpita njia akamdaka mkono na kumgombeza kwa kumkimbiza mtoto namna ile. Alipochungulia ndani, akakuta lenzi inamkodolea. Bintiye Mama Dirisha anadai hadi leo kwamba alianza kutembea mapema kwa sababu kigari chake kilikuwa kazini.

Halafu kuna habari ya mikanda. Mwaka mmoja mikanda mipya haikununuliwa kabisa, na wanafunzi walikuwa na hadithi zao tayari bila pa kuzirekodia. Mama Dirisha akaenda stoo, akateremsha mikanda ya vipindi vyake mwenyewe vilivyokwisha kurushwa, akawagawia warekodi juu yake. Mhariri wetu wa picha alimfuata hadi mlangoni akimsihi asifanye hivyo. Akajibiwa kwamba vyake vimeshaonekana, vya watoto bado. Mwaka uliofuata ikawa hivyo tena, na uliofuata pia. Zilipokuja kadi za kurekodia badala ya mikanda, alikuwa ameshawaachia vijana waongoze kipindi, yeye yuko nyuma ya kamera.

Vijana hao leo wanapiga picha za habari, wanahariri, na wengine ni mabosi wetu humu humu. Hakuna hata mmoja aliyeondoka kwake bila filamu yake mkononi.

Mwezi uliopita tulitaka kuandaa filamu fupi ya kumuaga. Mhariri alishinda stoo, akitia mashineni kila mkanda wenye jina lake ubavuni. Ndani yake akakuta ugomvi wa kuigiza kwenye ngazi, mbuzi aliyekataa kuongozwa, na kijana anayenunua mkate ule ule tena na tena kwa sababu muuzaji hawezi kujizuia kucheka. Mama Dirisha mwenyewe hayumo. Tulipomweleza, kwanza alicheka. Kisha akasema angependa mjukuu wake amwone alivyokuwa akifundisha. Sijawahi kumsikia akijiombea kitu hapa kazini, na hicho kimoja hatukuwa nacho. Inauma.

Mhariri hakukata tamaa. Katika mkanda mmoja, filamu ya mwanafunzi ilikuwa fupi kuliko kipindi kilichokuwa chini yake. Filamu ilipoisha, picha ikarukaruka, na huyo Mama Dirisha akatokea, bado binti mbichi, amesimama kando ya dirisha na mkono juu. Ni sekunde chache za mwisho wa kipindi. Somo lote lililotangulia limefutika. Kilichobaki ni pale anapoaga, akiwaambia watazamaji wasikose wiki ijayo, naye atakuwepo.

Sekunde hizo tutazionyesha Ijumaa, na mjukuu ameshawekewa kiti cha mbele.

Asante, Mama Dirisha, kwa mikanda yote uliyoitoa. Nenda ukapumzike, ukae kwa amani na afya tele pamoja na watu wako. Wiki ijayo sisi tutakuwa hapa hapa studio, na wewe hutakuwepo.