Wimbo Wenye Jina la Lalla Yamna

Aliyempa Nasira habari kwanza alikuwa wifi yake Warda, aliyemkuta sokoni Mdina Jdida akichagua kitambaa cha pazia.

"Acha hicho kitambaa, mwenzangu," Warda alimwambia. "Mama anagawa."

"Anagawa nini?"

"Vyote. Mimi kanipa cherehani na zile bangili zake. Mume wangu kapewa nyumba. Wewe kasema usubiriwe."

Nasira alikirudisha kitambaa kwenye meza ya muuzaji na kumfuata wifi yake. Bangili zilimuuma kidogo, maana alizifahamu tangu utoto, lakini si bangili alizokuwa akizitaka. Tangu alipokuwa msichana aliketi mkono wa kulia wa mama yake katika harusi za mji wa Wahran, Algeria, akipiga tari na kuitikia, na sasa mwenyewe alikuwa na wajukuu. Katika miaka yote hiyo mama yake, Sheikha Rahmuna, mwimbaji ambaye wanawake wa mji mzima walimsifu, hakuwahi kumwambia hata siku moja kwamba anaimba vizuri. Alipokuwa akipanda ngazi za nyumba ya mama yake alijiambia kwamba labda ni leo.

Walimkuta ameegemezwa kwenye mito, dirisha limefunguliwa kwa ajili ya upepo wa alasiri, na Lakhdar, kaka yake Nasira, ameketi miguuni pake. Mzee alimtazama binti yake, akamwashiria akae, kisha akaanza kusema, na tangu alipoanza hakutaka mtu amkatize.

"Sikilizeni, wanangu, na wewe Lakhdar zima hiyo simu, maana mama yako anakufa mara moja tu na hao wanaokupigia watakupigia tena kesho. Nyumba nimekuachia wewe, lakini usimuuzie jirani wa juu, yule anayeanika mashuka yake yakinidondokea maji kwenye baraza langu mwaka hadi mwaka, hata akikupa dhahabu. Sanda yangu iko kabatini, imetoka Makka, imefungwa na karafuu. Anioshe mtu yeyote mnayemtaka isipokuwa Hajja Fatiha, kwa kuwa mikono yake ni ya baridi na mdomo wake haulali, na sitaki mji mzima ujue mwili wangu ulivyokuwa. Warda nimeshampa chake. Wewe Nasira nakuachia matari yote, na kundi, na nyimbo. Nyimbo zangu zote ni zako, uziimbe na uwafundishe wanawake unaowataka. Ila kuna ule mmoja, na huo siwezi kukupa mpaka nimeusema, kwa sababu dunia nzima inadhani ni wa Keltuma.

"Mwaka wa themanini na tano ninyi mnausikia kwenye televisheni, wanaume wenye mvi wakieleza kwamba ndio mwaka muziki wa rai ulipotoka mafichoni. Waacheni waeleze. Kwetu sisi haukuwa mafichoni, ulikuwa sebuleni. Tuliuimba kwenye siku za hina na kwenye tohara, milango imefungwa, wanawake peke yetu, na wanaume wakiwa ngazini wanasikiliza huku wakijifanya wamesimama kuvuta sigara. Redio ya taifa haikutaka hata kuusikia, wakubwa walisema ni muziki wa walevi, kisha majira ya joto ya mwaka ule wakubwa walewale wakaandaa tamasha hapahapa Wahran, wakaweka jukwaa na taa, na viti vya mbele wakakaa wao.

"Mimi walinialika, jueni hilo. Alikuja bwana mmoja mwenye suti, marehemu baba yenu akamkaribisha kahawa, nami nikamwambia kwamba siimbi mbele ya wanaume, mama yangu hakuimba mbele ya wanaume, na bibi yangu vilevile. Yule bwana akanywa kahawa yangu, akala makrudi zangu, vitamutamu vyangu vya tende, akashuka ngazi, akaenda moja kwa moja kwa Keltuma.

"Huyo Keltuma tulizaliwa mtaa mmoja, kule Hamri. Alikuwa mwitikiaji wangu, amekaa hapo anapokaa Nasira, kabla Nasira hajajua kushika tari. Akaniacha akaanzisha kundi lake. Sawa, kila mtu ana riziki yake. Lakini siku ya tamasha mtangazaji alimwita jukwaani kwa jina la Shebba Keltuma. Shebba! Msichana! Vijana wote waliokuwa wakiimba rai siku zile walijiita hivyo ili wasifananishwe na sisi masheikha, waimbaji wa kizamani, na yeye mwenye watoto wanne na goti linalolia kama mlango akajipenyeza humohumo. Mimi nikabaki sheikha, bibi kizee, yeye akawa msichana, na kati yetu aliyetangulia kuzaliwa ni yeye. Cheka, Warda, cheka, usijizuie. Nami ningecheka kama mbavu zingeniruhusu.

"Sasa shikeni hili. Wimbo ule niliutunga kwa ajili ya harusi ya shangazi yenu, binti wa Lalla Yamna, mama mkwe wangu. Mnajua desturi yetu: mgeni akimtunza mwimbaji, mwimbaji anakatiza wimbo, anamtaja kwa jina, anamsifu, kisha anaendelea palepale alipoachia. Lalla Yamna alikuwa akioza binti yake wa mwisho, na alikuwa mwanamke mgumu, hajawahi kunisifia hata chumvi ya mchuzi, lakini siku ile furaha ilimpanda kichwani. Alinitunza nikamtaja, akarudi akanitunza nikamtaja, akarudi tena, mpaka wageni wakaanza kulitamka jina lake pamoja nami. Na chini ya mto mtu alikuwa ameficha redio ya kaseti inarekodi. Baada ya mwezi kaseti ile ilikuwa inauzwa Mdina Jdida, ina picha ya mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu iliyokatwa kwenye gazeti, maana hakuna mmoja wetu aliyekubali sura yake iwekwe sokoni.

"Keltuma hakuwepo kwenye harusi ile. Sikumwalika. Aliujua wimbo kwa kaseti, akaushika neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, na kwa kuwa alisikia Yamna, Yamna, Yamna wa Sidi el-Huari, yaani mtaa wake, na wanawake wanaitikia, alidhani ni kiitikio. Mwimbaji wa harusi tangu ujana wake, na hakutambua jina la mtu aliyetunza!

"Jioni ya tamasha majirani walijaa hapa kwetu, kwa sababu televisheni yetu ilikuwa kubwa. Akatoka. Kafutani ya kijani, macho yamepakwa wanja hadi masikioni. Akaanza wimbo wangu, nami nikauma kitambaa changu. Na alipofika pale akaita, 'Yamna! Yamna!' na vijana wa kiume wasio na idadi, waliovua mashati yao, wakamwitikia, 'Yamna wa Sidi el-Huari!' Kisha Lalla Yamna, ambaye alikuwa hawezi kwenda jikoni bila fimbo, akasimama wima juu ya godoro na kupiga kigelegele. 'Mimi huyo!' akapiga kelele. 'Jamani, mimi huyo!'

"Nikamwambia, 'Lalla, wimbo ni wangu. Mimi ndiye niliyekutaja.'

"Akanitazama kama mtu anayeangalia sufuria. 'Wewe,' akasema, 'ulinitaja mbele ya wanawake na kondoo wa harusi. Huyu amenitaja mbele ya nchi.'

"Asubuhi akaniamrisha nimpikie Keltuma makrudi. Nikazipika. Nasira ndiye aliyebeba sinia, unakumbuka, mwanangu, ulirudi unasema anakaa vizuri, ana friji mbili. Na redioni walipomuuliza Yamna ni nani, Keltuma alijibu bila haya kwamba ni bibi yake mzaa mama. Nikasema sasa Lalla Yamna atakasirika. Akasema, 'Mwache, ana adabu yule mtoto.' Mtoto! Mpaka anakufa alikuwa akimwita binti yangu Keltuma, na mimi niliyemwosha miguu aliniita mke wa mwanangu."

Hapo Sheikha Rahmuna alikohoa kwa muda mrefu. Warda alimnywesha maji. Lakhdar alisema, "Yemma, pumzika, utamalizia baadaye," lakini mzee aliusukuma mkono wake.

"Nipumzike wapi? Sikilizeni. Wimbo ule Nasira utauimba, na utauimba bila lile jina. Urudi kuwa wimbo tu. Na Keltuma atakuja hapa kunililia, namjua, atakuja na dhahabu zake zote. Msimfungie mlango, sisi si watu wa hivyo. Mpeni kahawa. Lakini akilia, Nasira, usikubali alie kwa sauti kubwa kuliko wewe. Mimi ni mama yako, si mama yake."

"Ndiyo, Yemma," alisema Nasira.

"Sasa ninyi wawili tokeni. Nasira sogea."

Lakhdar na mkewe walitoka. Nasira alipiga magoti kando ya kitanda na kuweka sikio lake karibu na mdomo wa mama yake. Sauti ya mzee sasa ilikuwa imeshuka, na baina ya neno na neno palikuwa na nafasi.

"Jioni ile... kuna pale wimbo unapopanda. Baada ya jina. Unapajua."

"Napajua, Yemma."

"Pale mimi huvuta pumzi. Siku zote nimevuta. Hata kwenye ile kaseti, ukisikiliza, inasikika. Yeye hakuvuta. Alipanda moja kwa moja... akafika juu... akakaa huko kama yuko kwake. Nimejaribu, mwanangu. Jikoni, nimefungulia bomba la maji ili msinisikie. Siwezi." Alifumba macho, akayafumbua. "Akija, mwambie. Mwambie Rahmuna amesema, pale ulinishinda. Pale tu. Usiongeze neno lingine, atavimba."

Nasira alisubiri. Nje mchuuzi alikuwa akinadi karantika ya moto, mkate wa unga wa dengu, na watoto walikuwa wakimkimbilia.

"Na mimi, Yemma?" aliuliza.

"Wewe nini?"

"Mimi nikiimba. Ukinisikia."

Mzee aliinua mkono na kuuweka juu ya kichwa cha binti yake. Mkono ulikuwa mwepesi kuliko kitambaa.

"Matari... usiyaweke karibu na jiko, ngozi itapasuka," alisema. "Mungu akulinde. Mungu akupe watu wema. Na akupe pumzi, mwanangu... akupe pumzi kama yake."

Alilala kabla ya adhana ya magharibi, na alipofikiwa na adhana ya alfajiri alikuwa ameshaondoka.

Asubuhi ile wanawake walianza kupanda ngazi, wakaijaza sebule ya mama yake Nasira, na katikati yao akaja Keltuma. Hakuwa na dhahabu hata pete. Alijitanda haiki, shuka jeupe la kizamani, ameshikilia ukuta, na hakuketi wala hakulia. Alikwenda moja kwa moja mpaka jikoni, Nasira alipokuwa akimimina kahawa, akamshika kiwiko kwa nguvu.

"Binti yangu, pole. Pole sana," alisema. "Niambie kweli, Mungu anatusikia. Mwishoni hapo alinitaja? Alisema chochote kuhusu mimi?"

Nasira aliweka birika chini.

"Hapana, khalti," alisema. "Hata jina lako hakulitaja."

Kisha alimpa kikombe chake, akabeba sinia, na kwenda kuwahudumia wengine.