Mama Adolphine Wabiwa na Neno Ambalo Hakukubali Kulitafsiri

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2003, saa sita mchana, Mama Adolphine Wabiwa atafunga bureau ya parokia yetu hapa Baraka na kukabidhi funguo, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuandika majina ya watu. Waliobatizwa, waliooana, waliozikwa: wengi mtakaosoma karatasi hii misani majina yenu yaliandikwa kwa mkono wake.

Alianza mwaka 1970, binti aliyejua kupiga mashine kwa vidole vinne. Kilatini alikiokota kwenye rejista zenyewe. Kiingereza alikitoa katika Biblia kuukuu iliyoachwa na mmisionari, ndiyo maana akimkaribisha mgeni chai kwa lugha hiyo husikika kama malaika anayeleta habari. Wageni hucheka; yeye hujaza vikombe. Vita vilipokuja alibeba vitabu vyetu milimani mara mbili, vimeviringishwa katika vitenge, na hakuna ukurasa uliopotea.

Lakini sisi tuliofanya naye kazi tunajua kwamba kuna ukurasa mmoja uliomkalia moyoni.

Jumamosi tarehe 9 Oktoba 1999 alikuwa Swima, kando ya ziwa, pamoja na Padri Norbert. Askari walikuwa wakishuka kwa barabara, na watu waliokuwa kanisani walitaka kuvuka kwa mtumbwi hadi rasi ya Ubwari. Padri alijua kwamba ziwa halikuwa salama kuliko barabara. Akawapa wote komunyo ile ambayo Kanisa humpa mtu aliye katika hatari ya kufa, inayoitwa kwa Kilatini viaticum, yaani pamba ya njiani, chakula cha msafiri. Kwa desturi yetu komunyo hiyo huandikwa katika Kitabu cha Marehemu. Basi akawaandika humo wakiwa wamesimama mbele yake wazima, majina kumi na tisa, la mwisho lake mwenyewe. Safu ya tarehe ya kufa aliiacha wazi. Jina la kumi na mbili lilikuwa Adolphine Wabiwa.

Walipofika majini, Padri alimwekea kitabu mikononi.

"Weye utabakia na kitabu," alimwambia. "Pita mu mulima."

Mtumbwi uliingia katika ukungu wa asubuhi. Mama Adolphine alituambia kwamba alisimama pale akisikiliza makasia, na kwamba sauti ya makasia haikupungua kama sauti ya kitu kinachokwenda mbali. Ilibaki palepale, karibu, mpaka akaona afadhali aondoke.

Hawakufika Ubwari. Saleh, mwenye mitumbwi wa Swima, alitafuta siku mbili asipate ubao wala kipande cha nguo. Tangu hapo hapiti karibu na rasi ile asubuhi. "Niko nasikia makasia," alisema. "Mutumbwi sioni."

Kwa mwaka mmoja na nusu Mama Adolphine alifungua kitabu kile kila alipopata marehemu wa kuandika, na miaka ile hawakukosekana. Kila mara alifunika mstari wa kumi na mbili kwa rula. Nilidhani ni mazoea ya kazi, mpaka siku moja rula ilipoanguka nikasoma kilichokuwa chini yake. Aliiokota, akairudisha mahali pake.

Mwezi wa tano mwaka 2001 walikuja wageni wawili wa ofisi ya kutafuta waliopotea, bibi mmoja na bwana mzee, pamoja na mkalimani wao. Mkalimani, akiwaelezea kitabu kile, alipofika kwenye "pamba ya njiani" aliwaambia kwa Kiingereza kwamba watu kumi na tisa walipewa zao la pamba. Bwana mzee akauliza kiwanda kilikuwa wapi. Hapo Mama Adolphine alivuta kiti, akaifanya kazi ile mwenyewe. Akawapa neno kama lilivyo: viaticum.

Ikawa shida kubwa zaidi. Bibi yule alisema kwamba katika Kiingereza alichosoma yeye, mtu aliyepokea viaticum amepata mahitaji ya safari. Basi hawa walisafiri, wako hai, familia ziambiwe. Bwana mzee, aliyekulia kanisani, alitikisa kichwa: katika Kiingereza cha kwao, ukisikia fulani alipokea viaticum, unajua sentensi inayofuata ni ya mazishi. Akachukua kalamu. Majina kumi na tisa yalikuwa yaende kwenye orodha ya waliokufa, yasomwe redioni, na utafutaji katika kambi za Kigoma usimame.

Nje ya mlango ndugu za watu wale walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Dorothée, ambaye dada yake Marthe alikuwa wa saba katika orodha, alikuwa amefika na nguo nyeusi mfukoni, hajui kama ataivaa.

"Ile neno haisemi bamekufa," Mama Adolphine alinigeukia kwanza, kama anayejipima. Kisha akawaambia wale wawili kwa Kiingereza chake cha Biblia kwamba neno lile halisemi mtu amekufa, wala halisemi yu hai. Linasema tu kwamba alipewa.

Bwana mzee alisema hajawahi kumwona mtu aliyepokea viaticum akabaki mzima.

Mama Adolphine aliondoa rula. "Umemwona," alisema. "Wa kumi na mbili ni mimi."

Bibi alimtazama, akautazama mstari, akamtazama tena, na bila kujua akasogeza kiti chake nyuma kidogo. Kisha mzee akaandika alichoambiwa aandike: walipokea viaticum, waliko hapajulikani. Neno likabaki Kilatini ndani ya Kiingereza, na utafutaji ukaendelea.

Februari mwaka huu Marthe alirudi kutoka Kigoma. Aliona jina lake likiwa limebandikwa kambini miongoni mwa wanaotafutwa. Alikaa hapa bureau, akatueleza kwamba mtumbwi ulipinduka karibu na rasi, naye alishikilia bidon, yaani dumu tupu, mpaka wavuvi wa ng'ambo walipomwokota.

"Balikuwa banaimba mu maji," alisema. "Sauti moja inakatika, ingine inakatika. Kisha Padiri peke yake. Kisha hapana mutu."

Mama Adolphine hakuandika siku ile. Alikwenda kwa miguu nyumba kwa nyumba, akiambia kila familia kabla wino haujagusa karatasi. Ilimchukua wiki tatu. Kisha akajaza tarehe mbele ya majina kumi na saba.

Jumatatu anahamia Ubwari kwa binti yake Arlette. Hajapanda mtumbwi tangu mwaka 1999. Saleh atawavusha, na Marthe ameomba akae kando yake mpaka watakaposhuka.

Mama Adolphine, kwa kila jina uliloandika bila kosa, na kwa yale uliyokataa kuyaharakisha, parokia nzima inakushukuru. Vuka salama, ulale vizuri, uishi siku nyingi.

Alphonse Etabo, kwa niaba ya wafanyakazi